Mhudumu wa Kukaa au Muuguzi wa Kutembelea? Familia Inapomrudisha Mgonjwa Nyumbani

Mgonjwa anaporuhusiwa kutoka wodini kabla hajapona, kwa sababu tu hospitali haina tena la kumfanyia, familia hukabidhiwa karatasi ya ruhusa, mfuko wa dawa na, mara nyingi, siku moja ya kujipanga. Mzee aliyepatwa na kiharusi, mama ambaye saratani imemfikisha kwenye tiba shufaa, bibi aliyepungukiwa na kumbukumbu kiasi cha kutoka nje usiku wa manane akiitafuta nyumba ya utotoni mwake: hao wote watarudi nyumbani. Watoto wao, ambao wengi wanafanya kazi mijini, mbali na kijiji alipo mzazi, wanalazimika kuamua kwa haraka. Je, watafute mtu wa kukaa na mgonjwa usiku na mchana, au wamlipe muuguzi aje kwa ratiba, atoe huduma na kuondoka?

Swali hili linazidi kuulizwa katika parokia zetu, na majibu mengi hutolewa kwa kutazama fedha peke yake, au kwa kuogopa maneno ya ukoo. Makala hii inakusudia kuisaidia familia ya Kikristo kulipima kwa utaratibu, kwa faida ya mgonjwa na pia kwa haki ya yule atakayeajiriwa.

Kuajiri si kumtupa mzazi

Wapo waamini wanaoona haya kumwajiri mtu wa kumtunza baba au mama, wakidhani kwamba kufanya hivyo ni kuikwepa Amri ya Nne ya Mungu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki (Na. 2218) inafundisha kwamba watoto waliokwisha kukua wana wajibu wa kuwasaidia wazazi wao, kwa mali na kwa moyo, katika uzee, ugonjwa, upweke na dhiki, kwa kadiri ya uwezo walio nao. Kanisa linatambua basi kwamba uwezo huo una mipaka. Naye Yoshua bin Sira (3:12-13) anamwagiza mwana amvumilie babaye hata pale akili za mzee zitakapopungua, agizo ambalo kila aliyeishi na mzazi mwenye ugonjwa wa kusahau anaujua uzito wake.

Tena tumtazame Msamaria Mwema wa Injili ya Luka (10:30-35). Aliyafunga majeraha kwa mikono yake mwenyewe, akamfikisha mgonjwa nyumba ya wageni, akamtunza. Kesho yake akatoa dinari mbili, akamkabidhi mwenye nyumba ile kazi ya uuguzi, akaahidi kupita tena na kulipa gharama itakayozidi. Wahubiri wengi huishia kwenye mafuta na divai, na ni haki yao. Lakini dinari zile nazo ni sehemu ya huruma yake. Alimlipa mtu mwingine, alilipa kabla ya kudaiwa, na hakuhesabu kwamba malipo hayo yamemwondolea wajibu wa kurudi. Familia inayoajiri kwa namna hiyo haijamtupa mzazi wake.

Kazi mbili zisizofanana

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba mhudumu wa kukaa na muuguzi wa kutembelea ni watu wa kazi moja, tofauti yao ikiwa bei na saa. Muuguzi anakuja kwa yale yanayodai ujuzi: kubadilisha mpira wa mkojo, kusafisha na kufunga kidonda kirefu, kuhakikisha mpira wa kulishia kupitia puani umekaa mahali pake, kupima shinikizo la damu na sukari, kumweleza daktari kama dawa ya maumivu inatosha au haitoshi. Huenda akakaa saa moja. Mhudumu wa kukaa anakuja kwa yale yanayodai uwepo: kuogesha, kulisha, kubadilisha nepi, kumgeuza mgonjwa kitandani, kumshika mkono hadi chooni, kuitika anapoita, kumsikiliza akisimulia jambo lile lile kwa mara ya kumi.

Tuchukue mfano wa vidonda vinavyotokana na kulala upande mmoja kwa muda mrefu, kwa maana hapo ndipo familia nyingi huumbuka. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza anatakiwa kugeuzwa kila baada ya saa 2 hivi, kwa sababu uzito wa mwili huzuia damu kupita kwenye ngozi ya makalio, kiuno na visigino. Ngozi nyeusi haionyeshi wekundu kwa urahisi. Anayemuogesha mgonjwa aangalie sehemu iliyozidi kuwa nyeusi kuliko iliyo kandokando yake, au iliyo ya moto, au iliyokakamaa. Muuguzi anaweza kuja mara 3 kwa wiki akakifunga kidonda kwa ustadi wote. Kama kati ya ziara zake hakuna anayemgeuza mgonjwa, kidonda kitaendelea kuchimbika, na familia itamlaumu muuguzi bila haki. Mahali pa namna hiyo palihitaji mikono ya kila saa kwanza.

Upande wa pili, mhudumu mwenye moyo mwema asiyefundishwa anaweza kudhuru pasipo kujua. Ataning'iniza mfuko wa mkojo juu ya kitanda ili usiguse sakafu, na mkojo utarudi kwenye kibofu pamoja na vijidudu, ilhali mfuko huo unapaswa kukaa chini ya usawa wa kibofu wakati wote. Atamlisha uji mgonjwa wa kiharusi akiwa amelala chali, na uji utaingia katika njia ya hewa na kuleta homa ya mapafu, ilhali mgonjwa wa namna hiyo alipaswa kuketishwa wima, alishwe kijiko kidogo kidogo cha chakula kizito kiasi, na abaki ameketi kama nusu saa baada ya kula. Hayo hayahitaji shule ya miaka mitatu. Yanahitaji muuguzi aje siku za mwanzo, aoneshe, asimame kando akimtazama mhudumu akirudia, kisha apite baada ya wiki kuhakiki.

Kanisa nchini Tanzania lina uzoefu katika jambo hili. PASADA, chombo cha Jimbo Kuu la Dar es Salaam kilichoanzishwa mwaka 1992 kwa ajili ya watu wanaoishi na Virusi vya UKIMWI, kimewahudumia wagonjwa majumbani kwa kuunganisha wataalamu wa afya na watu wa kujitolea kutoka jumuiya zenyewe. Mtaalamu anafundisha na kufuatilia, jirani anakuwepo. Nyumba nyingi zingeweza kuanza na mpango wa namna hiyo kabla ya kufikiri kuchagua mmoja na kumwacha mwingine.

Andikeni saa 24 za mgonjwa

Kabla ya kumpigia mtu yeyote simu, familia ichukue karatasi na kuandika saa 24 za mgonjwa kama zilivyo, si kama wanavyotamani ziwe. Anaamka saa ngapi? Dawa zipi zinatolewa saa ngapi, na nani anajua kuzitoa? Anakwenda chooni mara ngapi, na je, anahitaji mtu mmoja au wawili wa kumwinua? Anaweza kuachwa peke yake kwa muda gani bila hatari: saa 3, nusu saa, au hata dakika 5 haiwezekani? Kisha kila jambo lililoandikwa liwekewe alama: hili linataka ujuzi, hili linataka uwepo tu, hili mtoto wa nyumbani anaweza kufundishwa. Sindano ya insulini, kwa mfano, huwatisha wengi, lakini ndugu mwenye utulivu hufundishika, pamoja na dalili za sukari kushuka kupita kiasi: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa. Kumlipa muuguzi kila siku kwa ajili ya sindano hiyo pekee kunaweza kumaliza fedha zilizohitajika kwa jambo lingine.

Karatasi hiyo ikijaa, mara nyingi jibu hujionesha lenyewe. Mama anayejitegemea kwa kula na kuoga, ila ana kidonda cha kisukari mguuni, anahitaji muuguzi. Mtu wa kukaa angebaki akiangalia televisheni. Bibi mwenye nguvu za mwili aliyepoteza kumbukumbu hana kazi ya muuguzi isipokuwa mara chache, lakini hawezi kuachwa peke yake hata kidogo.

Usiku uandikwe kwa uangalifu kuliko mchana. Familia hupanga mchana kwa makini na kudhani usiku watu hulala. Mgonjwa anayegeuzwa kila saa 2 anataka mtu aamke saa 4, saa 6, saa 8 na saa 10 za usiku. Mwenye maumivu ya saratani anayetumia morfini ya maji huipata kila baada ya saa 4, ingawa daktari huweza kuelekeza dozi kubwa zaidi wakati wa kulala ili mgonjwa asiamshwe katikati. (Wapo wanaomnyima mgonjwa dawa hiyo kwa kuogopa dhambi. Katekisimu, Na. 2279, inaruhusu dawa za kutuliza maumivu hata pale zinapoweza kufupisha siku, mradi kifo hakikutafutwa.) Swali la nani ataamka usiku likikosa jibu la jina la mtu, mpango wote haujakamilika. Hakuna binadamu awezaye kumhudumia mgonjwa mchana kutwa na kuamka mara 4 kila usiku, wiki baada ya wiki, awe binti wa kuajiriwa au mtoto wa kuzaliwa. Kwa mgonjwa wa aina hiyo, kumwajiri mhudumu mmoja wa kukaa na kumwachia yote ni kupanga kwa watu wawili kumalizike vibaya. Ama watoto wagawane usiku, ama waajiriwe wawili kwa zamu. Godoro la hewa huweza kusaidia, na muuguzi atashauri kama mgonjwa anaweza kulala muda mrefu zaidi bila kugeuzwa.

Binti wa watu

Hapa tuseme wazi jambo ambalo katika nyumba za waamini halisemwi. Mara nyingi anayeitwa mhudumu wa kukaa ni dada wa kazi aliyeletwa kutoka kijijini kwa ajili ya kupika na kufua, akaongezewa mgonjwa juu ya kazi zake bila kuongezewa mshahara. Analala sakafuni kando ya kitanda cha babu. Huenda ana miaka 16. Siku watoto wa mgonjwa wanapokuja kutoka mjini, wanasifiwa kanisani kwa jinsi wanavyomheshimu baba yao.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtu aliye chini ya miaka 18 kuajiriwa kwa kazi za usiku. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, mapumziko ya saa 12 mfululizo kila siku, ambayo kwa mfanyakazi anayeishi mahali pa kazi yanaweza kupunguzwa hadi saa 8 kwa makubaliano ya maandishi tu, na mapumziko ya saa 24 kila wiki. Kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza yake ya malipo. Likizo ya mwaka ni siku 28. Mfanyakazi wa nyumbani hakuachwa nje ya sheria hiyo, na amri ya kima cha chini cha mshahara humtaja kwa jina la kazi yake. Mafundisho ya Kanisa ni makali kuliko sheria: Katekisimu (Na. 1867) inaihesabu dhuluma ya ujira wa mfanyakazi miongoni mwa dhambi zinazomlilia Mungu mbinguni, sambamba na damu ya Abeli.

Kwa hiyo familia isiyoweza kumlipa mhudumu wa kukaa kwa haki, na kumpa chumba, chakula, siku ya mapumziko na mchango wa hifadhi ya jamii, ihesabu kwamba chaguo hilo haina. Ni afadhali ikachukua ziara za muuguzi mara moja kwa wiki, mtu wa kutwa anayerudi kwake jioni, na watoto wakagawana usiku kwa zamu, hata ikibidi mmoja achukue likizo bila malipo. Tunajua ni vigumu. Yesu aliwakemea waliotangaza mali zao kuwa wakfu kwa Mungu huku wakiwanyima wazazi wao haki yao (rej. Mk 7:9-13); ndugu wanaochanga kwa sauti katika harambee ya ukumbi wangefaa kuuliza kama mchango wa baba mgonjwa nao umekamilika.

Gharama nazo zilinganishwe kwa uaminifu. Mhudumu wa kukaa ni mshahara wa kila mwezi pamoja na yote tuliyoyataja. Muuguzi hulipwa kwa ziara, na ziara 2 kwa wiki ni 8 au 9 kwa mwezi, pamoja na nauli. Glavu, pamba, nepi na dawa zitanunuliwa kwa vyovyote vile. Wengi husahau kuziweka katika hesabu, na mwezi wa pili wanaanza kukopa.

Kabla ya kumfungulia mtu mlango

Muuguzi yeyote anayetoa huduma anapaswa kusajiliwa na kuwa na leseni hai ya Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Kuiomba leseni hiyo si kumvunjia heshima. Muuguzi wa kweli huionesha bila kununa. Mahali pa kuanzia kuulizia ni wodi aliyotoka mgonjwa, kisha zahanati au kituo cha afya cha parokia, na wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Pawepo daftari moja nyumbani ambamo muuguzi na mhudumu wote wanaandika: vipimo, dawa zilizotolewa, hali ya ngozi, mgonjwa alikula nini. Mtoto aliye mbali asomewe daftari hilo kwa simu, badala ya kuuliza tu kama baba anaendelea vizuri.

Mgonjwa mwenyewe aulizwe. Inashangaza jinsi mzee aliyeongoza ukoo kwa miaka 40 anavyopangiwa atakayemuogesha kana kwamba hayupo chumbani. Katika mila zetu nyingi, baba kuogeshwa na binti yake, au mama na mkwewe wa kiume, ni jambo linaloumiza heshima kuliko ugonjwa wenyewe. Huenda mama atamkubali mgeni mwanamke kwa ajili ya kuoga na kuukataa mkono wa mwanawe. Huenda akataka kinyume chake. Pale akili yake ingali timamu, neno lake litangulie. Na kadi yake ya benki na namba ya siri ya simu zibaki kwa mtoto mmoja anayejulikana na ndugu wote, kwa usalama wa mgonjwa na kwa usalama wa mhudumu asije akashukiwa.

Mgonjwa na mhudumu wake mbele ya altare

Familia imjulishe paroko au katekista mara mgonjwa anaporudi nyumbani, isingoje siku za mwisho. Mpako wa Wagonjwa si sakramenti ya wanaokata roho tu: muamini anayeanza kuwa hatarini kwa ugonjwa au uzee anaweza kuupokea, na anaweza kuupokea tena hali ikizidi. Komunyo Takatifu inaweza kuletwa nyumbani. Wengi hawajui kwamba Sheria ya Kanisa (Kan. 919 §3) inawaruhusu wazee na wagonjwa, pamoja na wale wanaowahudumia, kupokea Ekaristi hata kama wamekula ndani ya saa moja iliyotangulia. Kanisa limemkumbuka hata mhudumu aliyekunywa chai yake kwa haraka kabla padre hajafika.

Mhudumu wa kukaa naye ana Dominika yake. Katekisimu (Na. 2187) inawataka waamini wasiwatwishe wengine mzigo usio wa lazima unaowazuia kuitakatifuza Siku ya Bwana. Kama yeye ni Mwislamu, apewe nafasi ya sala ya Ijumaa kwa moyo ule ule. Hapa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zina kazi iliyo wazi kabisa: watu wawili, kila Dominika kwa zamu, wakae na mgonjwa kuanzia Misa ya kwanza hadi saa sita mchana. Jumuiya hufika kwa wingi siku ya msiba ikiwa na sufuria na viti, na saa hizo nne za Dominika zingemfaa mgonjwa akiwa angali hai.

Mpango wowote uliochaguliwa upimwe tena baada ya mwezi mmoja, kwani ugonjwa hausimami. Aliyekuwa akihitaji muuguzi mara 2 kwa wiki huenda kidonda kimefunga. Aliyekuwa akitembea huenda sasa hainuki. Barua ya Baraza la Kipapa la Mafundisho ya Imani iitwayo Samaritanus bonus, ya mwaka 2020, inasisitiza kwamba pale uponyaji usipowezekana, matunzo hayakomi. Katika siku hizo za mwisho, ziara za muuguzi kwa kawaida huongezeka kwa ajili ya maumivu na kupumua, na uwepo wa watoto unapaswa kuongezeka zaidi ya hapo.

Mgonjwa akifariki, mhudumu wa kukaa hupoteza kwa siku moja mtu aliyemzoea, kazi na mahali pa kulala. Aliyekuwa akilipwa kwa mwezi anastahili notisi ya siku 28 au malipo badala yake, mshahara wa siku alizofanya kazi, malipo ya likizo ambayo hakuichukua, hati ya kuonesha utumishi wake na, kama aliletwa kutoka mbali, usafiri wa kurudi alikotolewa. Kikao cha ndugu kinachofunga hesabu za msiba kiyaandike hayo katika orodha ile ile ya jeneza na chakula, na yalipwe kabla watoto hawajarudi mjini.